Kumwonyesha Ndugu Soko: Haki ya Aliye wa Kwanza Kwao Kufika Chuo Kikuu



Shukrani zote zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika Imani, kila mwaka wa masomo unapoanza, vyuo vya hapa Uganda hupokea wanafunzi ambao baba, mama, ami wala shangazi zao hawakupata kusoma chuo kikuu. Mimi ni mmoja wao. Niko mwaka wa tatu, nasoma Taaluma za Kiislamu, na nyumbani kwetu hakuna aliyenitangulia kuketi katika ukumbi wa mihadhara. Katika darsa hili tutazame visa vitatu vya Madina, kisha tujiulize jumuiya yetu ina wajibu gani kwa ndugu hawa.

Kwa nini jambo hili ni zito

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, mwenzangu wa chumba alilipa karo yote kwa wakati. Mama yake aliuza ng'ombe wawili ili ipatikane. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba kulipa benki ni jambo moja, na kujisajili kwa masomo ya muhula ni jambo jingine. Mtihani ulipofika hakuwa na kadi ya mtihani, na jina lake halikuwamo kwenye orodha. Alirudi nyumbani, na kijijini wakaelewa kwamba amefeli. Hajarudi chuoni mpaka leo.

Ndugu yule hakufeli somo hata moja. Mwanafunzi ambaye kaka yake alipita chuo angeelezwa jambo lile kwa simu ya dakika mbili. Tofauti baina ya wawili hao haiko katika akili wala juhudi, iko katika kuwa na mtu wa kumuuliza.

Funzo la kwanza: Saad na Abdulrahman (R.A.)

Baada ya Hijra, mwaka 622, Mtume (S.A.W.) aliunga undugu baina ya Muhajirina na Ansari. Abdulrahman bin Awf, aliyetoka Makka bila kitu mkononi, aliunganishwa na Saad bin Rabii, tajiri wa Madina. Saad akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka katika watu wake na mali yake, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqa, na akarudi na samli na jibini kavu alizochuma huko.

Tuangalie pande zote mbili. Saad hakungoja kuombwa, alianza yeye. Naye Abdulrahman alikuwa mfanyabiashara hodari tangu Makka. Biashara aliijua, ila mji ndio ulikuwa mgeni kwake. Ndivyo alivyo ndugu yetu anayefika kutoka kijijini. Amefaulu mitihani ile ile tuliyofaulu sisi, na hahitaji kusomewa. Anahitaji kuonyeshwa soko: ofisi ya msajili iko wapi, muhtasari wa somo unapatikana kwa nani, mhadhiri anapokea wanafunzi saa ngapi, alama za kazi za muhula zinaingiaje kwenye matokeo ya mwisho.

Hata hivyo tusifanye kisa hiki kuwa kisingizio cha kufunga mifuko yetu. Msikiti ule ule wa Madina ulikuwa na Ahlu Suffa, maswahaba mafukara waliokaa humo na kulishwa na Waislamu wenzao. Yupo anayehitaji njia, na yupo anayehitaji chakula cha jioni. Mara nyingi ni mtu mmoja.

Funzo la pili: Umar na jirani yake (R.A.)

Imamu Bukhari katika Kitabu cha Elimu amepokea kwamba Umar bin Khattab alikaa pembezoni mwa Madina pamoja na jirani wa Kiansari. Hawakuweza kwenda kwa Mtume (S.A.W.) kila siku, wakapeana zamu. Huyu akienda leo, anarudi na habari za wahyi na mengineyo. Kesho anakwenda mwenzake naye anafanya vivyo hivyo.

Wapo miongoni mwetu wanaouza vocha, wanaofundisha madrasa jioni, au wanaopanga mbali na chuo kwa sababu kodi ya karibu haiwezekani. Wao wakikosa kipindi, wanakosa pia tangazo lililotolewa mwishoni mwa kipindi. Kupeana zamu ni Sunna ya maswahaba katika kutafuta elimu, na haigharimu hata shilingi. Ila uwe uaminifu wa pande zote mbili, asiwe mmoja anayehudhuria na mwingine anayenakili tu.

Funzo la tatu: Muawiya bin Hakam (R.A.)

Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Muawiya bin Hakam, aliyekuwa mgeni katika Uislamu, alisali nyuma ya Mtume (S.A.W.). Mtu mmoja akapiga chafya, naye akamwombea rehema kwa sauti ndani ya sala. Watu wakamkodolea macho. Akauliza wana nini, wakapiga mapaja yao kumnyamazisha. Sala ilipokwisha, Mtume (S.A.W.) hakumkaripia, hakumpiga wala hakumtukana. Alimweleza tu kwamba sala si mahali pa maneno ya watu.

Wengi wetu huishia hapo tunaposimulia hadithi hii. Lakini kinachofuata ndicho kinachotuhusu. Muawiya, baada ya kufundishwa kwa upole, akaanza kuuliza maswali mengine: kuhusu makuhani, kuhusu kupiga ndege ramli, hata jambo la nyumbani kwake. Upole katika swali moja ulifungua mlango wa maswali mengi. Na kinyume chake ni kweli. Anayechekwa siku ya kwanza kwa kuuliza maana ya CGPA, hatauliza tena siku karo itakapompungukia.

Tufanye nini

Kwanza, kila mgeni apangiwe ndugu wa mwaka wa pili au wa tatu, dada kwa dada na kaka kwa kaka, na ikiwezekana wa kitivo kimoja. Ndugu huyo amtafute mgeni, asingoje kutafutwa.

Pili, tutoe maelekezo kwa wote baada ya sala ya Ijumaa, ili asiyejua asifedheheke. Badala ya kumuuliza mtu kama anajua kujisajili, tuseme: usajili unafungwa siku fulani, tukutane maktaba tufanye pamoja.

Tatu, tuwaeleze mapema kuhusu mikopo ya serikali kwa wanafunzi wa elimu ya juu, iliyowekewa sheria mwaka 2014. Asome masharti ya marejesho, na kabla ya kutia sahihi amuulize mwalimu wa fiqhi.

Nne, anayelemewa na karo au maradhi asiondoke kimya kimya. Aandike barua ya kuahirisha masomo, ili nafasi yake ibaki. Tumsaidie kuiandika.

Tano, tusiwasahau wazazi. Mzazi ambaye hajasoma chuo hawezi kukagua daftari, lakini dua yake na subira yake ndizo zilizomleta mwanawe hapa. Simu moja ya kiongozi wa jumuiya, kwa lugha anayoielewa, humtuliza mama kuliko barua nne za chuo.

Maswali ya halaqa

1. Katika chumba chako au darasa lako, nani ni wa kwanza kwao? Unajuaje?
2. Ni jambo gani la chuo ulilolijua kwa sababu tu uliambiwa na mtu?
3. Umemwambia nani jambo hilo?

Tumwombe Allah (S.W.) atujaalie kuwa Ansari wa wageni wetu, na awarudishe katika elimu waliokatishwa njiani. Amin.

Wabillahi tawfiq.