Mama wa Shefu Anataka Kuolewa

Wadogo zangu wa Kisangani Boyoma, wiki hii nilivuka mto kwenda matanga Lubunga, na ndani ya mtumbwi nikasoma barua moja mara tatu. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, kurasa mbili, imekunjwa ndogo kama dawa ya mganga. Mwenye barua nimemficha jina, na nyinyi msianze kumtafuta pale sokoni.

Ni mama wa miaka arobaini na moja. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita. Mwaka jana kifungua mimba wake, kijana wa miaka ishirini, alikalishwa kwenye kiti cha babu yake, akawa shefu wa vijiji fulani vya barabara ya Opala. Tangu siku hiyo mama huyu hajavuta pumzi. Akicheka na jirani, anaambiwa mama wa shefu hachekicheki. Sasa amepata mwalimu mmoja wa Mangobo, mjane kama yeye, anayemletea samaki Jumamosi na kukaa kumsikiliza (kumsikiliza, wadogo zangu, hilo ndilo lililomkamata). Mwalimu anataka ndoa. Pasta anasema hata kesho atawabariki. Ukoo wa marehemu unasema: mama wa shefu haolewi, akiolewa kiti cha mtoto kitaanguka. "Yaya, mkubwa wangu, nifanye nini?"

Mdogo wangu, kabla sijakujibu nikupeleke kwanza Mengo, kule Uganda. Yupo mwanamke aliyepita njia hii kabla yako, na wewe angalau huna Waingereza wanaokuchungulia dirishani.

Tarehe 22 Novemba 1939 Kabaka, yaani mfalme, Daudi Chwa wa Buganda alifariki. Mwanawe Mutesa akarithi akiwa na miaka 15, mwanafunzi wa shule ya Budo. Kwa Mkataba wa 1900, ule Buganda iliofunga na Uingereza, mfalme ambaye hajafika miaka 18 anashikiwa nchi na mawaziri wake. Mkubwa wao alikuwa Katikkiro Martin Luther Nsibirwa, Mwanglikana, na Mprotestanti hadi kwenye jina, kama unavyosikia.

Mama wa yule kijana aliitwa Irene Drusilla Namaganda, wa ukoo wa Nte, yaani ng'ombe. Mtoto alipokalia kiti, mama akawa Namasole, mama wa mfalme. Usidhani hicho ni cheo cha kupambia sherehe. Namasole alikuwa na ua wake, watu wake, hata Katikkiro wake mwenyewe, na mila ilitaka kijito cha maji kimtenge na mwanawe, maana wafalme wawili hawakai kilima kimoja. Mwanamke mwenye cheo kikubwa hivyo alikatazwa jambo moja ambalo muuza pondu, majani ya muhogo, wa Kabondo anaweza kulifanya bila kumwuliza mtu: kuolewa tena.

Mwaka 1941 Namaganda akasema anataka kuolewa. Mwanamume aliitwa Simon Peter Kigozi, mtu wa kawaida, asiye mwana wa mfalme. Nsibirwa akakubali. Askofu Cyril Stuart wa kanisa la Kianglikana naye akaona huyu ni mjane, na kanisa halimkatazi mjane. Ndoa ikafungwa, na Buganda ikawaka. Watu walisema mila imekanyagwa, kiti kimechafuliwa, Katikkiro amewasikiliza wazungu akawasahau wenye nchi. Nsibirwa akalazimika kujiuzulu mwaka huo huo, nafasi yake akaichukua Samwiri Wamala. Namaganda akavuliwa cheo cha Namasole. Serikali nzima ya ufalme ilitikiswa na harusi ya mjane mmoja.

Hapo ndipo ninapoipenda hadithi hii. Miaka mitano tu nyuma, Desemba 1936, mfalme Edward wa Nane wa Uingereza aliacha kiti ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyekwisha kuachana na waume wawili. Kule, kanisa la Kianglikana ndilo lililosema haiwezekani. Kule Namirembe, kwa Askofu Stuart, kanisa lile lile likasema inawezekana, na wenye mila ndio waliokataa. Kanisa halikugeuka: mtalaka ni mmoja na mjane ni mwingine. Kilichogeuka ni nani anayejiona mwenye kiti. Kwa hiyo mtu akikuambia "mapenzi yako yataangusha kiti", muulize kwa upole: kiti hicho anakishika nani sasa hivi, na anaogopa kumpisha nani?

Nsibirwa hadithi yake haikuishia hapo. Baada ya ghasia za Januari 1945 Wamala naye akaondolewa, Waingereza wakampeleka uhamishoni, Nsibirwa akarudishwa. Tarehe 5 Septemba 1945, akielekea kwenye ibada, alipigwa risasi mlangoni mwa kanisa kuu la Namirembe. Jana yake Lukiiko, baraza la ufalme, lilikuwa limepitisha sheria ya kuruhusu ardhi ichukuliwe kwa ajili ya chuo cha Makerere. Alikufa kwa ajili ya ardhi, si kwa ajili ya harusi. Lakini ninavyoisoma mimi, watu waliokwisha kumwita mtu wa wazungu mwaka 1941 hawakuhitaji ushahidi mwingine mwaka 1945. Kumbuka hilo unapomtanguliza pasta wako kusema mambo ya nyumba yako.

Na wanaume je? Daudi Chwa alikuwa na wanawake wengi na watoto wengi, hakuna waziri aliyejiuzulu kwa hilo. Mutesa mwenyewe alimwoa Damali Kisosonkole mwaka 1948, kisha akampenda Sarah, dada wa Damali, na mwaka 1955 Sarah akamzalia Mutebi. Watu walinong'ona, ni kweli. Ila Mutebi ndiye Kabaka hadi leo, alitawazwa mwaka 1993. Kiti kiliweza kumbeba baba aliyechukua wanawake wawili, mtu na dada yake. Mama mwenye mume mmoja kikashindwa.

Haya, sasa wewe.

Anza na mtoto. Usianze na mashemeji, wala pasta, wala mama wa ushirika. Kijana wa miaka ishirini aliyekalishwa mbele ya wazee wenye mvi ana hofu zake, na hofu kubwa ni kuchekwa. Akilisikia jambo hili barazani kutoka kwa baba mdogo, atakuwa shefu kwanza na mtoto baadaye. Akilisikia kwako, jikoni, mbele ya sahani ya lituma, ndizi za kuponda, atakuwa mtoto. Usimwombe ruhusa. Mweleze, kisha nyamaza, umwachie muda wa kukasirika. Mutesa alikuwa na miaka 16 mambo ya mama yake yalipokuwa midomoni mwa nchi nzima, na sidhani kuna mtoto anayeombea hayo.

Halafu kaa na wazee uwaulize mama wa shefu anafanya kazi gani hasa. Anatunza vitu vya kiti? Ana nafasi siku ya kumwaga kinywaji kwa mababu? Kama kazi ipo, sema waziwazi kwamba uko tayari kumwachia shangazi wa mwanao au mama mwingine wa ukoo. Namaganda alinyang'anywa cheo. Wewe kitoe kwa mikono yako, mbele ya mashahidi, na utaona nusu ya ugomvi imekosa cha kula.

Wakikuambia sheria ya nchi iko upande wa mila, wasikutishe. Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inayo yote mawili. Kifungu cha 207 kinatambua mamlaka ya kimila, ila kwa sharti mila isipingane na Katiba wala sheria. Kifungu cha 40 kinasema kila mtu ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu anayemchagua, wa jinsia nyingine. Visome vyote viwili kwa sauti. Usivisome kwa kebehi, maana utaendelea kukutana na watu hawa misibani.

Kisha kuna mstari ule mdogo uliouandika chini kabisa, pembeni, kana kwamba ulitaka nisiuone. Kwamba mdogo wa marehemu amejitolea "kukurithi", na wazee walewale hawakuona kizuizi. Mdogo wangu, nilicheka hadi mpiga kasia akageuka! Yaani mama wa shefu haolewi, isipokuwa na shemeji? Swali hilo uwaulize wazee mwenyewe, kwa adabu zote, ukiwa umepiga magoti ukitaka. Jibu watakalotoa litakuonyesha kama wanalinda kiti au wanalinda nyumba na shamba.

Na kuhusu nyumba: kabla hujaweka sahihi kwa afisa wa komine, tafuta mwanasheria umwulize ndoa mpya inagusa nini katika haki zako juu ya nyumba ya marehemu. Usiulize jirani. Jirani atakujibu, hilo ndilo tatizo lake.

Mwalimu naye nina neno naye. Samaki wa Jumamosi ni wazuri, lakini anawaleta saa ngapi? Kama anapita na toleka, baiskeli ya kubebea abiria, giza likishaingia, mwambie aanze kuja mchana, apite mbele ya mashemeji, asalimie. Mwanamume asiyeweza kusalimia ukoo wa marehemu leo hatasimama nao siku wakija na maneno makali. Ukiona anakwepa, basi samaki walikuwa samaki tu.

Gharama ipo, sitakudanganya. Wapo watakaoacha kukuita mama wa shefu. Kuna sherehe utakaa nyuma. Namaganda alipoteza cheo ambacho wanawake wachache sana wa Buganda waliwahi kukipata, na mume akampata. Mimi naona hakukosea. Wewe jipime mwenyewe, siyo usiku, na siyo siku uliyogombana nao.

Nenda kwa mwanao kwanza. Halafu uniandikie alivyojibu, na safari hii tumia kalamu ya wino.