Somo: Njugu Zetu na Mzio



Hapa Migori na Homa Bay njugu karanga ni chakula, tena ni pesa ya karo. Lakini wako watu zinaowadhuru: midomo huvimba, ngozi huwasha, pumzi hubana. Huo ndio mzio, wengine husema aleji.

Mwaka 1998 wazazi wa Uingereza ambao jamaa zao wana mzio walishauriwa wasiwape watoto njugu kabla ya miaka 3. Je, ilikuwa sawa? Ilibidi ipimwe. Watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa chakula cha njugu, lingine likakatazwa. Matokeo yalitoka 2015. Walipofika miaka 5, katika kila 100 waliokatazwa, 17 hivi walikuwa na mzio. Waliokula, 3 hivi tu. Kumbe ushauri wa zamani haukuwakinga!

Lakini kumbukeni: watoto wale walipimwa kwanza, na wazazi walikubali. Mtoto ambaye njugu zimewahi kumvimbisha asijaribiwe nyumbani. Pumzi ikibana, hospitali upesi. Mtoto mdogo asipewe njugu nzima, zitamkaba. Zisagwe laini, zichanganywe na uji. Njugu zenye kuvu tupeni: hiyo ni sumu, si mzio.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini walipiga kura, badala ya kila mzazi kuchagua kundi?
2. Mtafiti akija kijijini kwetu, tumwulize nini kabla ya kukubali?