SOMO KWA MAKATIBU: MPANGAJI MSUMBUFU KATIKA NYUMBA YA MWANACHAMA

Chama cha ushirika wa nyumba huanza na watu wanaofahamiana. Hununua ardhi pamoja, hujenga pamoja na hukaa pamoja. Miaka ikipita, mmoja huhamishwa kikazi, mwingine hustaafu akarudi kwao, na wa tatu hufariki akaacha warithi walio mbali. Nyumba zao hupangishwa. Ndipo chama hujikuta kina wakazi wa aina mbili: wanachama, na wapangaji ambao hawakupata kuhudhuria mkutano wake wala kuyaona masharti yake.

Somo hili linahusu vyama vya Tanzania ambavyo kila mwanachama anamiliki nyumba yake, na chama kinasimamia njia, ulinzi, taka na maji ya pamoja.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba mpangaji mmoja amegeuza ua wa nyumba kuwa gereji. Magari mabovu yameziba njia, mafuta machafu yanamwagwa mferejini, na mchango wa ulinzi haujalipwa kwa miezi saba. Wajumbe wa Bodi, kwa kuchoshwa na malalamiko ya majirani, wanakwenda jioni kumkatia maji. Je, wametenda sawa?

Hawakutenda sawa, na zaidi ya hayo wamekiingiza chama hatarini. Mwanachama amefungwa na chama kwa masharti ya chama. Mpangaji amefungwa na mwenye nyumba kwa mkataba wa upangaji. Kati ya chama na mpangaji hakuna mkataba. Tena Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inampa mpangaji anayelipa kodi na kutimiza wajibu wake haki ya kukaa kwa amani bila kuingiliwa na mwenye nyumba. Ikiwa mwenye nyumba mwenyewe hana ruhusa ya kumsumbua, sembuse wajumbe wasio na nyumba hiyo? Mlalamikiwa atageuka kuwa mlalamikaji, na fedha za wanachama zitatumika kujibu mashtaka.

Kanuni ya kushika ni hii: chama humdai mwanachama wake, na mwanachama humdai mpangaji wake. Ili kanuni hiyo ifanye kazi, mambo matano yanahitajika.

1. Masharti yaliyo wazi. Masharti yaseme kwamba mwanachama anayepangisha hubaki na wajibu wake wote, ikiwa ni pamoja na michango; kwamba atamwarifu katibu kwa maandishi kabla mpangaji hajaingia; na kwamba kila anayekaa katika eneo atafuata kanuni za eneo. Marekebisho yapitishwe na Mkutano Mkuu na kusajiliwa na Mrajis ndipo yatumike.

2. Mkataba wa maandishi. Kanuni za eneo ziambatishwe kwenye mkataba wa upangaji, na mpangaji azitie sahihi. Mkataba useme kwamba kuvunja kanuni hizo ni kuvunja mkataba. Bila kifungu hicho, mwenye nyumba aliye mbali hana cha kushika.

3. Daftari. Katibu aandike namba ya nyumba, jina la mwanachama na anwani yake, jina la mpangaji, na tarehe za mkataba kuanza na kwisha. Malalamiko nayo yaandikwe siku yanapoletwa, pamoja na jina la aliyeyaleta. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na shauri bila daftari hupotea vivyo hivyo.

4. Onyo kwa hatua. Kwanza katibu na mjumbe mmoja wamwendee mpangaji kwa heshima na kumweleza kanuni, kwani huenda hakuna aliyewahi kumweleza. Asiporekebisha, mwanachama aandikiwe barua, na nakala apewe mpangaji. Barua itaje kosa, tarehe, kifungu kilichovunjwa na muda wa kurekebisha, kwa mfano siku 14.

5. Hatua dhidi ya mwanachama. Muda ukipita, mwanachama aitwe mbele ya Bodi ajieleze, ndipo apewe adhabu iliyomo katika masharti, si nyingine. Akipinga na suluhu ikashindikana, mgogoro huo wa mwanachama na chama chake hupelekwa kwa Mrajis. Kumtoa mpangaji ni kazi ya mwenye nyumba kwa njia ya sheria. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yaliwekewa utaratibu na Sheria Na. 2 ya mwaka 2002 kwa ajili ya migogoro ya namna hiyo.

Kabla ya hayo yote, Bodi ijiulize ni nani hasa msumbufu. Yawezekana mpangaji hulipa mchango wa ulinzi ndani ya kodi yake kila mwezi, na mwenye nyumba haufikishi kwa mweka hazina. Hapo mpangaji hutazamwa vibaya na majirani kwa deni ambalo amekwisha kulilipa. Risiti zake zikitazamwa, ukweli utajulikana.

Aidha kanuni zisiwe upanga wa kumkata mgeni peke yake. Iwapo mwanachama mwasisi anapiga muziki hadi usiku wa manane na hakuna anayethubutu kumwonya, mpangaji akaonywa kwa kosa lilo hilo, huo si ushirika. Mpangaji hana kura katika Mkutano Mkuu, lakini watoto wake wanapita njia ile ile na usingizi wake una thamani ile ile. Chama kimpe mahali pa kuleta malalamiko yake, nayo yaandikwe katika daftari lile lile.

Maswali ya kujadiliwa katika chama:

(a) Je, masharti yetu yanataja wajibu wa mwanachama anayepangisha nyumba?

(b) Ni nyumba ngapi za wanachama zina wapangaji leo, na je, katibu anazo anwani za wenye nyumba hizo?

(c) Onyo la mwisho lilitolewa kwa nani, na je, nakala yake imo katika jalada?