Sahani ya Mtoto na Nyumba Tulizotoka



Jioni moja mume na mke wa jumuiya yetu ndogo walikuja kwangu na shida ambayo wao hawakuiita shida ya ndoa. Walisema ni shida ya mtoto. Mtoto wao wa kiume wa miaka mitano alikuwa amekataa githeri, amekataa managu, na hata ugali alikuwa anamega matonge mawili tu kisha anasukuma sahani. Alichotaka ni chai na mkate na, siku za mshahara, chipsi za mjini. Mama alikuwa ameanza kumlisha akiwa ameshika mwiko. Baba naye alichoshwa na kilio cha kila jioni, hata akazoea kula nyama choma mjini Nakuru kabla ya kurudi nyumbani.

"Katekista," baba akaniambia, "mwambie mama watoto aache kumpiga mtoto kwa sababu ya maharagwe."

Mama akajibu papo hapo, "Na yeye mwambie aache kuita chakula changu chakula cha bweni, tena mbele ya mtoto."

Hapo niliona kwamba mezani palikuwa na shida mbili, na ile ya mtoto ndiyo ndogo.

Yafaa tufahamu jinsi mtoto anavyojifunza kula. Karibu kila mtoto huzaliwa akipenda kitu kitamu na kukunja uso kwa kitu kichungu. Mengine mengi huyapata nyumbani, na huanza mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka wa 2001 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walitoa habari za akina mama waliokunywa maji ya karoti walipokuwa waja wazito au walipokuwa wakinyonyesha. Watoto wao walipoonjeshwa uji wenye ladha ya karoti kwa mara ya kwanza, waliupokea vizuri zaidi kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji matupu. Maana yake, mtoto anaonja chakula cha nyumba yenu kabla hajaiona nyumba yenyewe.

Baadaye hufuata macho. Mtoto hutazama uso wa mzazi kabla ya kutazama sahani. Mama huyu alikiri kwamba siku moja, kwa wakwe zake upande wa Rongai, aliletewa mursik kutoka kwenye kibuyu. Wale wasiozaliwa katika jamii ya Wakalenjin huenda wasijue kwamba kibuyu hicho husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti uitwao senetwet, ndiyo sababu maziwa yanakuwa na rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Mama alionja kidogo, akakunja uso, akakiweka kikombe chini. Mtoto alikuwa amekaa mapajani mwake. Tangu siku hiyo hajagusa mursik kwa nyanya yake. Na baba, anapoiita githeri chakula cha bweni, anafanya jambo lile lile. Mtoto amepata walimu wawili, kila mmoja akimfundisha kudharau chakula cha mwenzake. Kilichobaki bila kudharauliwa na yeyote ni chai na mkate!

Sikuwapa shauri lolote siku hiyo. Niliwaomba tu kila mmoja amweleze mwenzake jinsi walivyokuwa wakila kwao alipokuwa na umri wa mtoto huyu au zaidi kidogo. Baba alianza. Kwao palikuwa na ng'ombe, na mtoto alikunywa maziwa wakati wowote aliposikia njaa. Baba yake alipakuliwa kwanza, akala peke yake sebuleni, na hakuna aliyewahi kuwauliza watoto kama wamemaliza au hawakumaliza.

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba mwaka wa 2008, baada ya vita vya uchaguzi, yeye na ndugu zake walitolewa Molo wakakaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru pamoja na maelfu ya wakimbizi wengine. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye foleni na sahani ya familia. Siku moja alijikwaa akamwaga maharagwe yote mchangani, akayaokota moja moja. "Mtoto akisukuma sahani," alisema, "mimi naona yale maharagwe."

Walikuwa wameoana kwa miaka sita, na mumewe hakuwa amelisikia jambo hilo hata siku moja.

Nami niseme ukweli, kwa maana niliguswa. Mwaka wa 1984, wakati wa ule ukame mkubwa, nilikuwa na miaka minne. Mama yangu alitupikia mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, na hadi alipozeeka hakulala bila gunia la mahindi chini ya kitanda. Mimi mwenyewe siwezi kuona wali ukitupwa. Nimewakemea binti zangu kwa punje chache kana kwamba wameiba sadaka. Nilidhani ninawafundisha adabu, lakini nyingine ilikuwa ni hofu ya mama yangu niliyorithi pamoja na lile gunia.

Basi mume na mke wafanye nini? Kwanza, kula pamoja, chakula kimoja, saa moja. Tarehe 11 Novemba 2015, majuma mawili kabla ya kufika Nairobi, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kuhusu meza ya familia, akasikitikia nyumba ambazo watu hawali pamoja au wanakula huku macho yako kwenye televisheni na simu. Baba anayerudi ameshiba nyama choma hawezi kumshawishi mtoto kwamba githeri ni tamu. (Na pesa za hiyo nyama zingenunua maziwa ya juma zima, lakini hayo nawaachia wenyewe.)

Pili, saa ya kula. Nilipowauliza vizuri nikakuta mtoto anapewa chai ya maziwa na mkate saa kumi na moja, halafu githeri saa mbili unusu akiwa anasinzia. Hata mimi ningekataa. Chai ile ipunguzwe, na chakula cha jioni kije mapema. Isitoshe, chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kutoka kwa mboga na maharagwe.

Kuhusu kiasi, wazazi waamue kitakachopikwa na saa ya kukila, lakini tumbo ni la mtoto. Mpakulie kijiko kimoja au viwili, akitaka aongezewe. Kwa njia hiyo hakuna kitakachomwagwa, na moyo wa mama unatulia. Chakula kigeni huenda kikahitaji kuonjwa mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla ya kukubaliwa, na wengi wetu hukata tamaa mara ya tatu. Mwiko uwekwe mbali, kwa sababu mtoto anayelishwa kwa kilio hujifunza kukichukia chakula hicho zaidi. Wala tusimwambie, "Maliza managu nikupe soda." Hapo tumemfundisha kwamba managu ni adhabu.

Lakini mtoto akipungua uzito, akiwa na vidonda mdomoni, akitapika au akichoka ovyo, si jambo la kufundishana mezani. Chukueni kile kijitabu cha kliniki mwende hospitali, apimwe, pia atazamwe kama ana minyoo.

Jambo moja lilinifurahisha. Managu ni mboga ya karibu kila jamii hapa kwetu. Wajaluo huiita osuga, Wakisii rinagu. Kwa kina baba huyu huchemshwa na kutiwa maziwa, na uchungu unapungua. Mke alikwenda Rongai kujifunza kwa mama mkwe, na safari hii alikunywa kikombe kizima cha mursik, ingawa anasema alifumba macho.

Majuma matatu yalipita bila badiliko lolote. Kisha jioni moja mtoto alinyoosha mkono akachota managu kutoka sahani ya baba yake. Maharagwe bado anayachambua na kuyapanga pembeni, naye mama anayala yeye mwenyewe bila kusema neno.

Leo jioni, watoto wakishalala, ulizaneni: Kwenu nani alipakuliwa kwanza, na nani wa mwisho? Je, uliwahi kulala njaa? Ni chakula gani cha kwetu ambacho umekuwa ukikila kwa ajili ya heshima tu? Msichekane, wala msikatizane.