Mzizi, Uzi au Utando? Istilahi na Mazingira ya Kukuzia Uyoga Maabarani

Makala haya yamechochewa na hasara iliyomfika mkulima mmoja wa viungani mwa Nakuru. Mwongozo aliopewa, uliopigwa chapa kwa Kiswahili, ulimwonya atupe kila mfuko utakaoota ukungu. Wiki ya pili mifuko yake 12 ilipogeuka kuwa nyeupe pe, akaitupa yote. Weupe ule haukuwa maradhi. Ulikuwa uyoga wenyewe katika hali yake ya awali, ila mwandishi wa mwongozo hakuwa na neno la kuutenga na uozo.

Tunachokichuma na kukiita uyoga ni mfano wa tunda tu. Kiumbe chenyewe ni mtandao wa nyuzi nyembamba mno zinazotambaa ndani ya chakula chake na kukimeng'enya. Tuchukue uyoga ambao Watanzania huuita mamama, yaani Pleurotus ostreatus. Maabarani, mtandao huu huoteshwa kwenye sahani yenye rojo lililogandishwa: maji ya gramu 200 za viazi vilivyochemshwa, gramu 20 za glukosi na gramu 15 hadi 20 za agari, itokanayo na mwani, kwa kila lita. Hustawi vyema kwenye joto la sentigredi 25 hadi 28, asidi ikiwa hafifu, pH 5.5 hadi 6.5 hivi. Hauhitaji mwanga, nao huvumilia hewa nzito ya kaboni dayoksaidi ambayo ingeharibu umbo la uyoga unaochomoza. Katika hali hiyo sahani hujaa kwa takriban siku 7 hadi 10. Kisha kipande chake huhamishiwa kwenye punje za ngano zilizochemshwa, zikachujwa na kutakaswa. Na kwa ngano, jirani zetu wa Njoro hawana upungufu.

Utakasaji ndio mtihani mkubwa wa Bonde la Ufa. Vitabu huagiza sentigredi 121 kwa dakika 15 au 20 katika sufuria ya presha, mshale ukisoma paundi 15 kwa inchi mraba. Agizo hilo ni la pwani. Nakuru iko yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji huchemka yapatapo sentigredi 94. Mshale wa 15 huku hutoa takriban 118 pekee. Ili kufikia 121 hauna budi kusoma karibu 18, iwapo chombo kimeundwa kuhimili kiasi hicho. La sivyo, muda urefushwe. Usiku wa Nakuru nao ni wa baridi, hivyo sahani huhitaji kabati lenye joto lisiloyumba. (Baridi hiyo hiyo huufaa uyoga baadaye, unapotakiwa kuchomoza.)

Tuuiteje basi mtandao huu? Wapo wauitao mizizi. Jina hili lapotosha: mzizi ni kiungo cha mmea, nalo humfanya msomaji aumwagilie maji na kuuanika juani. Nyuzi za kuvu ni bora, lakini Kiswahili hupimia joto kwa nyuzi pia, na sentensi isemayo kuwa nyuzi hustawi kwenye nyuzi 25 itachekesha darasa zima. Kwa maoni yangu, utando wa kuvu ndio ufaao. Msemaji anaujua utando wa buibui. Weupe, wepesi na kutambaa vimo tayari ndani ya neno, na uzi ukabaki kutaja sehemu moja ya utando.

Mbegu, jina walizopewa punje zilizoshika utando, si sahihi kibayolojia, lakini limekwisha kukita sokoni; sioni faida ya kulipiga vita. La ukungu ndilo la kuwekewa mpaka. Libakie kwa vimelea wavamizi, hasa Trichoderma, ambao huanza wakiwa weupe kisha hugeuka kijani wanapozaa vijimbegu vyao. Mwongozo useme hivyo waziwazi: utando mweupe uachwe ukue, ukungu wa kijani uondolewe, mfuko ukiwa umefungwa bado, mbali na chumba cha kukuzia.