Mbegu za Mlonge na Maji ya Kijani: Kuvuna Mwani wa Mafuta

Kwa wakazi wa Chalinze

Wafugaji wa Lugoba, Msata na Mbwewe wanayajua malambo yanayogeuka kijani kiangazi kinapokolea. Rangi hiyo ni mwani mdogo mno, kila mmoja seli moja tu, hauonekani bila hadubini. Aina nyingine za mwani huu hujaza mafuta ndani ya seli, na mafuta hayo hutengenezwa dizeli. Haudai shamba la mahindi wala malisho: maji, jua na mbolea kidogo vinautosha.

Kazi ngumu ni kuuvuna. Lita nzima ya maji ya bwawa la kukuzia mara nyingi haitoi hata gramu moja ya mwani mkavu. Kitambaa hakiuzuii. Mashine za kuzungusha maji kwa kasi huutenga vizuri, ila hutafuna umeme mpaka faida ya mafuta ikaisha. Wala hautuami wenyewe haraka, kwa kuwa seli zake zina chaji hasi na husukumana.

Kiini cha mbegu ya mlonge kina protini yenye chaji chanya. Ikiingia majini hunasa seli, zikashikana mabonge, mabonge yakazama. Huko Sudan wanawake wamesafisha maji ya Nile yenye tope kwa mbegu hizi tangu zamani, na mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliuchunguza ujuzi wao kwa miaka mingi. Shabu nayo huzamisha mwani, lakini huacha aluminiamu ndani ya mavuno, na makapi ya mwani huo yakawa mashaka kwa mifugo.

Chukua mbegu zilizokaukia mtini, menya maganda, twanga viini vyeupe, koroga unga kwenye maji safi, chuja. Mimina maji hayo kwenye maji ya mwani, koroga kwa nguvu kidogo, kisha polepole, halafu acha maji yatulie saa moja au mbili. Maji ya mbegu yatumike siku hiyohiyo, maana huchacha. Jambo la kufurahisha: ukikamua kwanza mafuta ya mlonge kwa matumizi ya nyumbani, protini hubaki kwenye mashudu, nayo hufanya kazi ileile.

Ardhi yako usiitoe kwa ahadi ya mafuta haya. Kampuni ya Sun Biofuels ilichukua zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe kwa ajili ya mibono ya mafuta, mradi ukaanguka 2011. Kampuni ya SEKAB ya Sweden ilikuja Bagamoyo na mpango wa ethanoli ya miwa, ikajiondoa 2009. Dizeli ya mwani bado ni ghali popote duniani. Panda mlonge kwa ajili ya mboga, mafuta na maji yako kwanza.

Lambo likiwa kijani kibichi lenye utandu juu, usinywe wala usinyweshe ng'ombe. Baadhi ya viumbe wa kijani humo wana sumu, na mlonge hauondoi sumu iliyokwisha kuyeyuka majini. Kuchemsha nako hakuiondoi.