Somo la 13: Sikukuu ya Watu Waliokuwa Wakilia

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Nehemia 5:1-13, Nehemia 8, Nehemia 9:1-3, Mambo ya Walawi 23:39-43, Kumbukumbu la Torati 16:13-15, Habakuki 3:17-19, 1 Wathesalonike 5:18.

Fungu la Kukariri: Nehemia 8:10. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi mpaka ulijue kwa moyo. Wengi wetu tunajua maneno yake ya mwisho, yale yanayohusu furaha ya Bwana. Juma hili tusiiruke sehemu ya katikati.

Mwisho wa Desemba ni mgumu kuliko tunavyokiri kanisani. Mabasi ya mikoani yamejaa, nyumba za jirani zinanukia pilau, na redio haiachi kuimba. Lakini katika darasa lako yupo mama ambaye mwaka jana alipika kwa ajili ya mume, na mwaka huu ni mjane. Yupo kijana aliyepunguzwa kazini mwezi Oktoba na hajawaambia wazazi wake kijijini. Yupo baba aliyechukua mkopo wa kausha damu ili watoto wavae nguo mpya, naye anajua Januari inakuja na sare na madaftari yake.

Sisi Waadventista hujadiliana kila mwaka kama inafaa kuadhimisha tarehe 25 Desemba. Ni kweli kwamba Biblia haitoi tarehe ya kuzaliwa kwa Bwana wetu, na mjadala huo una mahali pake. Hata hivyo, mtoto wa jirani atasikia njaa siku hiyo hata kama mjadala wetu haujaisha. Kwa hiyo juma hili tutaiangalia sikukuu nyingine, iliyofanyika Yerusalemu wakati wa Nehemia, miongoni mwa watu waliokuwa wametoka katika njaa, madeni na vitisho vya adui.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ya tarehe 27 Desemba.

JUMAPILI
Kabla ya Karamu, Madeni

Soma Nehemia 5:1-13. Ni makundi gani ya watu waliolalamika, na walikuwa wakimlalamikia nani?

Tukifungua sura ya 8 moja kwa moja, tutadhani kwamba sikukuu ile ilikuwa ya watu walioshiba. Sura ya 5 inatuonyesha hali yenyewe. Wengine walikuwa na watoto wengi na hawakuwa na nafaka. Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba kwa sababu ya njaa. Wengine walikopa fedha ili walipe kodi ya mfalme wa Uajemi. Baadhi ya binti zao walikuwa tayari wametiwa utumwani.

Kilio hicho hakikuelekezwa kwa Sanbalati wala Tobia. Waliokuwa wakikopesha na kuchukua rehani walikuwa ndugu zao Wayahudi, watu waliokuwa wakijenga nao ukuta ule ule. Nehemia alikasirika sana, akatafakari moyoni mwake, kisha akaitisha mkutano. Hakujiweka pembeni: alisema wazi kwamba yeye na watumishi wake nao walikuwa wamekopesha fedha na nafaka. Akataka mashamba na nyumba zirudishwe siku ile ile, pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza.

Karamu ya sura ya 8 ilikuja baada ya hayo. Mpangilio huo unatufaa sana mwezi huu. Kuna waajiri, na baadhi yao ni washiriki wetu, ambao humzuilia msichana wa kazi mshahara wa Desemba ili awe na sababu ya kurudi Januari. Anakwenda kwao na nauli tu. Kisha mwajiri huyo anatoa sadaka ya shukrani ya mwisho wa mwaka. Soma Mambo ya Walawi 19:13. Torati haikuruhusu ujira wa kibarua ulale kwako hata usiku mmoja.

Je, yuko mtu ambaye sikukuu yake itakuwa ngumu kwa sababu ya fedha yake iliyoko kwako? Unaweza kumlipa lini?

JUMATATU
Machozi Penye Lango la Maji

Soma Nehemia 8:1-9. Kwa nini watu walilia waliposikia maneno ya torati?

Ukuta ulikamilika siku ya ishirini na tano ya mwezi wa Eluli, baada ya siku 52 za kazi (Nehemia 6:15). Siku chache baadaye, siku ya kwanza ya mwezi wa saba, watu wakakusanyika katika uwanja mbele ya Lango la Maji. Ezra akasoma tangu mapambazuko hata adhuhuri. Walikuwepo wanaume, wanawake na kila aliyeweza kufahamu, nao walisimama. Walawi walipita katikati yao wakiwaeleza maana.

Ndipo wakalia. Muktadha unaonyesha kwamba walijiona katika torati: waliona jinsi taifa lao lilivyoanguka na jinsi walivyokuwa mbali na agano. Ni vigumu kuamini kwamba machozi yale hayakuchanganyika na mambo mengine. Mtu aliyeuza binti yake kwa ajili ya nafaka hahitaji kusukumwa sana ili alie.

Angalia jinsi viongozi walivyojibu. Hawakuwaambia kwamba hakuna la kuliliwa, wala hawakuwakemea kwa upungufu wa imani. Walisema kwamba siku ile ni takatifu kwa Bwana, kwa hiyo haikuwa siku ya kuomboleza. Tofauti hiyo ni kubwa. Mfiwa akiambiwa “usilie, jipe moyo, ni sikukuu,” huenda akaona kwamba machozi yake yanatuharibia shughuli. Viongozi wale waliwapa watu sababu iliyo nje ya hali zao, yaani Bwana mwenyewe na siku yake. Alhamisi tutaona kwamba machozi hayo nayo yaliwekewa siku yake.

JUMANNE
Sehemu ya Mtu Asiyeandaliwa Kitu

Soma Nehemia 8:10-12 na Kumbukumbu la Torati 16:13-15. Watu waliagizwa kufanya mambo gani, na kwa ajili ya nani?

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Watu waliokuwa wakilia hawakuambiwa wajisikie vizuri. Waliambiwa waende wale vinono, wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Baada ya hapo ndipo ikatajwa furaha ya Bwana kuwa nguvu zao. Tunapolikariri neno la furaha peke yake na kuiacha ile sahani, tunamwambia mtu mwenye njaa aishi kwa msemo.

Agizo hilo halikuwa jipya. Torati ilipoamuru sikukuu ya vibanda ilitaja kwa majina ya hali zao wale wanaopaswa kufurahi: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Sikukuu ya Israeli haikukamilika kama mjane alikuwa anaitazama kupitia dirishani.

Mambo mawili katika agizo la Nehemia hayapaswi kutupita. Kwanza, hakuna aliyeulizwa kwa nini hana kitu. Huenda mwingine alikuwa mvivu, na mwingine alipoteza shamba kwa rehani, lakini andiko halichambui. Lipo neno la Paulo kuhusu wasiotaka kufanya kazi (2 Wathesalonike 3:10), nalo lina wakati wake. Siku ya sikukuu, mbele ya watoto wa mtu huyo, si wakati wake.

Pili, sehemu zilipelekwa. Maskini hakuitwa mbele apange mstari. Chakula kilikwenda kwake, akakila nyumbani mwake pamoja na watoto wake, naye ndiye aliyewagawia. Hapo ndipo sisi hukosea, tena kwa nia njema. Tunamsimamisha bibi mbele ya kanisa, tunamkabidhi kilo mbili za mchele na sabuni, tunampiga picha, na kabla hajafika kwake picha imeshazunguka katika makundi matatu ya simu. Mwaka unaofuata bibi anasema anaumwa na haji. Tunasema imani yake imepoa.

Dorkasi na mashemasi wanajua njia bora, kwa maana wengi wao hupita jioni, mlango wa nyuma, kapu limefunikwa kanga. Bwana alifundisha habari ya mkono wa kushoto usiojua linalofanywa na wa kuume (Mathayo 6:3). Wema wa namna hiyo hauonekani katika taarifa ya robo, na mimi ninayesoma taarifa hizo kila robo nasema hilo si hasara.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la muda. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Makumi ya watu walikufa, na familia nyingi zikapoteza nyumba wiki tatu tu kabla ya Krismasi. Watanzania wa dini zote walituma vyakula, magodoro na nguo. Tumshukuru Mungu kwa moyo ule. Lakini kila aliyewahi kufiwa au kuunguliwa nyumba anajua kwamba juma la kwanza watu hujaa, na mwezi wa tatu mtu hubaki na kuta zake. Unapopanga wema wa Desemba, tenga kidogo kwa ajili ya Februari.

Fikiria nyumba kumi zilizo karibu na kwako. Ni ipi ambayo haijaandaliwa kitu? Je, wewe mwenyewe ndiye usiye na kitu mwaka huu? Kupokea kwa shukrani nako ni sehemu ya sikukuu ile, maana sehemu zilizopelekwa zilihitaji watu wa kuzipokea.

JUMATANO
Chini ya Matawi

Soma Nehemia 8:13-18 na Mambo ya Walawi 23:39-43. Kwa nini Mungu aliwataka Waisraeli wakae katika vibanda?

Kesho yake wakuu wa familia walirudi kwa Ezra ili wajifunze zaidi, wakakuta agizo la vibanda. Wakatoka kwenda mlimani kuleta matawi ya mizeituni, mihadasi na mitende. Wakajenga juu ya dari za nyumba zao, katika nyua zao, katika nyua za nyumba ya Mungu, na katika viwanja vya malango. Jambo la namna hiyo halikuwa limefanyika tangu siku za Yoshua mwana wa Nuni.

Walikuwa wamemaliza kujenga ukuta wa mawe, na sasa wanalala chini ya majani! Tena Nehemia 7:4 inasema kwamba mji ulikuwa mpana, watu walikuwa wachache, na nyumba zilikuwa hazijajengwa. Basi kwa siku saba, mwenye nyumba na asiye na nyumba walilala chini ya paa la aina moja. Kibanda kiliwakumbusha jangwa: baba zao hawakuwa na ukuta wala shamba, na Mungu aliwafikisha.

Hilo ndilo tumaini la Biblia. Halisemi kwamba mwaka ujao bei zitashuka au kazi itapatikana, ingawa tunaomba hivyo. Linasema kwamba tuko safarini na Yeye aliyetutoa anajua tunakokwenda. Sisi tunaosubiri kurudi kwa Yesu tungepaswa kukielewa kibanda kuliko watu wote.

ALHAMISI
Kushukuru Bila Kudanganya

Soma Habakuki 3:17-19 na Nehemia 9:1-3. Habakuki anataja hasara ngapi kabla ya kutaja furaha yake?

Anataja sita: mtini, mizabibu, mzeituni, mashamba, kundi la kondoo na ng'ombe zizini. Mkulima yeyote anajua maana ya orodha hiyo. Ni mwaka mzima umekwisha. Nabii anahesabu kila kimoja kwanza, kisha anasema atamfurahia Bwana.

Wasomaji wa 1 Wathesalonike 5:18 katika Kiswahili wakati mwingine hudhani wanaagizwa kumshukuru Mungu kwa sababu ya kila baya lililowapata. Paulo alitumia neno la Kiyunani lenye maana ya “katika”, yaani ndani ya kila hali. Mama aliyezika mtoto mwezi uliopita haambiwi ashukuru kwa ajili ya kaburi. Anaweza, akiwa bado analia, kumshukuru Mungu kwa jirani aliyelala naye msibani na kwa ahadi ya ufufuo. Tusimsukume aseme zaidi ya hapo.

Sasa hesabu siku. Kusanyiko la mwisho la vibanda lilikuwa siku ya ishirini na mbili. Siku ya ishirini na nne, watu wale wale walikusanyika wakiwa wamefunga, wamevaa magunia, na mavumbi juu yao. Machozi yaliyosimamishwa siku ya kwanza hayakufutwa. Walipewa nafasi: wakasoma torati robo ya siku, na robo nyingine wakaungama na kuabudu. Kanisa lenye ibada ya shukrani mwezi Desemba na lisilo na nafasi ya mtu kuomboleza limesoma nusu ya habari hii.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Nehemia 5:14-19, uone jinsi Nehemia alivyokataa chakula cha liwali kwa miaka 12 huku watu 150 wakila mezani pake. Katika Review and Herald mwaka 1884, Ellen White alieleza kwamba Biblia haitupi siku hasa ya kuzaliwa kwa Kristo. Hata hivyo hakuwashauri wazazi waipuuze siku hiyo mbele ya watoto. Aliwataka waielekeze mioyo na zawadi za watoto kwa Mungu na kwa kazi yake.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki mmoja anasema, “Tukisaidia kila Desemba, watu watazoea kupewa.” Mjibuni kwa kutumia Nehemia 5 na 8 pamoja, wala msimdharau, hofu yake ina sababu.

2. Ni desturi gani ya kutoa misaada kanisani kwetu inayomwaibisha anayepokea? Nani ana mamlaka ya kuibadilisha, na je, amewahi kuulizwa?

3. Kuna tofauti gani kati ya kumtia moyo mfiwa na kumnyamazisha?

4. Nani hakuwepo darasani Sabato mbili zilizopita? Msitaje sababu mnazozidhani. Chagueni wawili watakaokwenda kwake kabla ya Jumatano, na mkubaliane watabeba nini.